Kwa Nini Andiko la Eneo la Maafa Hurudishwa, na Pa Kulirekebisha

Bwawa lililopasuka, kiwanda kilichoungua na watu ndani, korongo lilikoangukia ndege: wenyeji wa mahali kama hapo nchini Marekani wakitaka paingizwe katika Orodha ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria, hujaza fomu, huambatisha picha na ramani, kisha husubiri. Mara nyingi karatasi hurudi. Wanaoumia zaidi ni jamaa wa waliokufa, maana kwao barua ile husomeka kana kwamba serikali imesema vifo vya watu wao havina uzito. Haisemi hivyo. Orodha hii, iliyotokana na sheria ya uhifadhi ya mwaka 1966, huandikisha mahali. Andiko, yaani fomu ya maombi pamoja na maelezo yake, likirudi huwa limeusimulia msiba vizuri sana na kuisahau ardhi.

Njia ya karatasi ni hii: andiko huanzia ofisi ya uhifadhi wa kihistoria ya jimbo, hupitia bodi ya mapitio ya jimbo, kisha hufika Washington kwa Msimamizi wa Orodha katika Shirika la Hifadhi za Taifa, ambaye ana siku 45 za kuamua. Eneo likiwa ni ardhi ya serikali kuu, hulipeleka ofisa wa uhifadhi wa idara inayolimiliki. Andiko linaweza kukwama kituo chochote kati ya hivyo. Dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa uzito wake, sikufuata mpangilio wa fomu.

Wakaguzi wanasema umuhimu haujaonyeshwa

Fungua sehemu ya 8 ya fomu, ile ya maelezo ya umuhimu. Ukikuta kurasa nyingi zinasimulia siku ya tukio saa baada ya saa, na aya moja tu mwishoni ndiyo inayogusa yaliyofuata, chanzo umekipata. Idadi ya waliokufa haimo katika vigezo. Vigezo ni vinne: A, mahali pafungamane na matukio yaliyoacha alama katika historia, B, na maisha ya mtu mashuhuri, C, pawe na ubora wa usanifu au ujenzi, D, paweze kutoa maarifa, hasa ya kiakiolojia. Maeneo ya maafa karibu yote husimama juu ya A, na swali la A ni moja: baada ya hapa, nini kilibadilika?

Tazama jengo la Asch, Manhattan. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka orofa ya 8, katika kiwanda cha blauzi cha Triangle kilichokuwa kimeshika orofa tatu za juu, ukaua watu 146, wengi wao wanawake na wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa orofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ngazi ya chuma ya dharura iliporomoka na watu juu yake. Hayo ndiyo yanayoshika moyo, na lazima yaandikwe. Lakini kilicholipa jengo hadhi ya Alama ya Kihistoria ya Taifa, ambayo ni ya juu kuliko kuingia Orodhani tu, mwaka 1991 ni mkondo ulioanzia pale: jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda mwaka huohuo wa 1911, tume ikazaa sheria za usalama wa moto na za saa za kazi, na Frances Perkins, aliyeuona moto ule kwa macho yake, akafanya kazi na tume hiyo na baadaye, mwaka 1933, akawa Waziri wa Kazi wa Marekani. Mfuate mtu huyo mmoja tu, utaona jinsi barabara moja ya Manhattan ilivyofika kwenye sheria za nchi nzima.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu tukio lenyewe lilianzia angani. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria, moja ya TWA na nyingine ya United, ziliondoka Los Angeles zikipishana kwa dakika chache na kugongana juu ya Grand Canyon. Watu wote 128 walikufa. Sehemu ile ya anga haikuwa chini ya uangalizi wa waongozaji wa ndege. Marubani walitegemewa kuonana na kukwepana. Mwaka 1958 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyounda mamlaka moja ya shirikisho ya kusimamia anga. Eneo mabaki yalipoangukia likapewa hadhi ya Alama ya Kihistoria ya Taifa mwaka 2014. Tukio, uchunguzi, sheria: kila hatua inafuata iliyotangulia, na kila hatua ina hati yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika upya, chora msururu huo kwenye karatasi tupu. Kila kiungo kipe ushahidi: ripoti ya uchunguzi, kumbukumbu za vikao vya bunge la jimbo, maandishi ya sheria yenyewe, magazeti ya wakati ule. Kiungo kisicho na hati usikijaze kwa hisia. Ukiona msururu unakatika hatua ya kwanza, huenda kigezo A si chako, na ni heri kulijua hilo mapema.

Wanasema mmetia chumvi

Hii ni dada ya dalili iliyotangulia, na huwapata watu walioisoma vizuri ile ya kwanza. Mgodi wa Monongah, West Virginia, ulilipuka tarehe 6 Desemba 1907, na hesabu rasmi ilitaja wachimbaji 362 waliokufa. Ofisi ya Migodi ya serikali kuu iliundwa mwaka 1910. Ni rahisi kuandika kwamba Monongah ndiyo iliyoizaa ofisi hiyo. Lakini kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na maafa mengine ya migodi, ukiwemo moto wa Cherry, Illinois, wa Novemba 1909 ulioua watu 259. Mkaguzi anayejua historia ya migodi ataliona dai hilo mara moja, na baada ya hapo atayasoma madai yako mengine yote kwa shaka.

Andika lililo kweli: Monongah ilikuwa mojawapo ya misiba iliyolisukuma Bunge. Hilo linatosha. Kadhalika usidai umuhimu wa kitaifa pale ambapo historia ilikomea kwenye mji au jimbo. Fomu inakuruhusu kuchagua ngazi ya mji, ya jimbo au ya taifa, na eneo la ngazi ya mji huingia katika Orodha ileile. Mafuriko yaliyoufanya mji mmoja uhame kutoka ukingoni mwa mto hadi mlimani yana hoja kamili hata kama hakuna aliyeyasikia nje ya wilaya. Ningependa kuona maandiko ya namna hiyo yakiwa mengi zaidi, maana maafa ya vibarua na ya wahamiaji mara nyingi hayakufika kwenye meza ya mbunge yeyote.

Wanasema hakuna kilichobaki

Hapa ndipo maeneo ya maafa yanapotofautiana na nyumba nzuri za kale. Maafa yenyewe huharibu, kisha watu husafisha, kisha hujenga upya. Wakaguzi hupima uhalisia kwa mambo saba: mahali penyewe, umbo, mazingira yanayopazunguka, vifaa vilivyotumika, kazi ya mikono, hisia anayoipata mtu akifika, na uhusiano wa wazi kati ya pale na tukio. Kosa la kawaida ni kuyatetea yote saba kwa nguvu sawa, au kuandika kwamba eneo limebaki kama lilivyokuwa wakati picha zako mwenyewe zinaonyesha kituo cha mafuta.

Anza kwa kusema ni sifa zipi zinalifanya eneo litambulike kuwa ndipo tukio lilipotokea, kisha onyesha zipi zipo. Katika eneo la maafa, mahali, mazingira, hisia na uhusiano hubeba mzigo mkubwa kuliko vifaa na kazi ya mikono. Mabaki mengi ya ndege za Grand Canyon yaliondolewa, mengine mwaka 1976, miaka 20 baada ya ajali. Vipande vilivyobaki ni vichache, lakini majabali ni yaleyale, ugumu wa kufika ni uleule, na mtu akisimama pale anaelewa kwa nini waokoaji walihangaika kiasi kile. Wakaguzi wenyewe wana kipimo kimoja ambacho ni vyema ukitumie kabla yao: mtu aliyekuwepo siku ile, akirudishwa leo, angepatambua?

Bwawa la St. Francis, kaskazini mwa Los Angeles, linaonyesha ugumu wake. Lilipasuka tarehe 12 Machi 1928, dakika chache kabla ya saa sita usiku, maji yakaenda kilomita zipatazo 87 hadi bahari ya Pasifiki. Waliokufa ni zaidi ya 400. Kipande kirefu cha katikati kilibaki kimesimama peke yake, lakini mwaka 1929 kikalipuliwa kwa baruti. Leo kuna vifusi vya zege vilivyotapakaa korongoni. Anayeliandikia eneo kama hili hawezi kudai umbo la bwawa. Anaweza kudai korongo, vifusi pale vilipotua, na alama za mahali kuta ziliposhikana na mlima. Vifusi hivyo vinaweza pia kusimama kwa kigezo D, endapo utataja maswali mahususi ambayo utafiti wa pale utayajibu, kwa mfano namna kuta zilivyovunjika na kusukumwa. Kusema tu kwamba huenda kuna vitu chini ya ardhi hakutoshi.

Na ikiwa kweli pamekwisha? Kuna maeneo ambayo juu yake sasa kuna barabara ya njia nane. Usimpotezee mtu yeyote muda. Tafuta mahali pengine palipofungamana na tukio hilo na ambapo bado pamesimama: kanisa lililogeuzwa chumba cha maiti, stesheni iliyopokea majeruhi, nyumba za wafanyakazi. Au omba bango la kihistoria la jimbo, ambalo kwa kawaida halidai uhalisia wa aina hii. Njia ya tatu ni Bunge: kumbukumbu ya taifa ya bwawa la St. Francis ilipatikana kwa sheria ya mwaka 2019.

Mmeandikisha mnara, makaburi au kengele

Watu hupenda kuanzia kwenye kinachoonekana, na kinachoonekana mara nyingi ni mnara uliojengwa miaka 30 baadaye. Kanuni kwa kawaida haziruhusu vitu vilivyojengwa kwa ajili ya ukumbusho, makaburi, au majengo yaliyohamishwa, isipokuwa kwa masharti maalumu. Mnara unaweza kuingia kwa sababu ya usanifu wake au kwa sababu wenyewe umekuwa na historia, kwa mfano ulikuwa kituo cha mikutano ya chama cha wafanyakazi kwa miongo kadhaa. Hauingii kwa sababu tu unataja tukio.

Makaburi ya halaiki ni suala la kushughulikia kwa heshima na kwa uangalifu. Katika makaburi ya Grandview, Johnstown, Pennsylvania, wamezikwa watu 777 wasiotambuliwa waliokufa katika mafuriko ya tarehe 31 Mei 1889, yaliyoua watu 2,209. Kiwanja cha namna hiyo si uwanja wa maziko wa kawaida. Safu za mawe yasiyo na majina ni matokeo ya moja kwa moja ya maafa, na hoja hiyo inaweza kujengwa. Iandike wazi, taja sharti linalohusu makaburi, na eleza kwa nini umelitimiza. Ukiliruka, mkaguzi atadhani hukulijua.

Kuhusu kengele, injini au bawa la ndege lililopelekwa kwenye makumbusho: kitu kilichotolewa mahali pake na kuwekwa ndani ya kabati la kioo hakiandikishwi. Kitaje katika maelezo, basi.

Miaka 50 haijatimia

Kanuni hutaka umbali wa miaka 50, isipokuwa umuhimu uwe wa kipekee. Waandishi wengi hudhani kipekee maana yake ni huzuni isiyo ya kawaida. Maana yake ni kwamba wanahistoria na wataalamu wengine tayari wamelichambua tukio na kulipa nafasi kubwa, bila kungoja wakati. Eneo la risasi za chuo kikuu cha Kent State, Ohio, ambako wanafunzi wanne waliuawa na askari wa kikosi cha ulinzi cha jimbo tarehe 4 Mei 1970, liliingia Orodhani mwaka 2010, miaka 40 baadaye. Kilicholibeba ni wingi wa maandishi ya kitaalamu yaliyokwisha kuandikwa. Kama tukio lenu lina umri wa miaka 35 na maandishi yaliyopo ni ya magazeti tu, ushauri wangu ni kukusanya ushuhuda wa walionusurika sasa hivi, wakiwa hai, na kuliacha andiko lisubiri.

Msomaji wa Tanzania atakuta mpaka wa namna nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na ya baadaye huhitaji tamko la waziri. Mahali panapohusiana na kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, tuseme makaburi ya Igoma, Mwanza, hapangehitaji kungoja miaka. Pangehitaji hoja ya kumshawishi waziri. Maswali ya kilichobadilika na kilichobaki yangekuwa yaleyale.

Mipaka haieleweki

Maafa hayafuati uzio. Bwawa la South Fork, ambalo kupasuka kwake ndiko kulikoleta mafuriko yale ya 1889, lilikuwa kilomita 23 juu ya Johnstown. Je, eneo la maafa ni bwawa, mto, mji, au vyote? Andiko likichora duara kubwa juu ya ramani ili lisiache kitu, litarudi. Likichora kiwanja cha mnara pekee, litarudi pia.

Fuata kilichobaki na unachoweza kukitetea. Mahali palipoharibiwa na kujengwa upya kabisa hapaingii hata kama watu wengi walifia pale. Sehemu mbili zilizo mbali na ambazo katikati yake hapana kitu cha kihistoria zinaweza kuandikwa kama vipande viwili, lakini eleza kwa nini. Na sehemu ya uhalali wa mipaka isiwe sentensi moja: sema kila upande mstari umepita wapi na kwa sababu gani. Taja pia ndani ya mipaka vitu vipi vinachangia umuhimu na vipi havichangii. Bango la mwaka 1995, maegesho ya magari na choo cha wageni havichangii, na hakuna aibu kulisema hilo.

Takwimu zinapingana

Tuseme sehemu ya 7, ile ya maelezo ya mahali penyewe, inasema walikufa 431, sehemu ya 8 inasema 450, picha ya bango inaonyesha 385. Hili humtia mkaguzi wasiwasi kuliko unavyodhani. Kwa kawaida chanzo chake si uzembe. Hesabu za siku za mwanzo huwaacha nje vibarua wa msimu, watoto, na wahamiaji ambao majina yao hayakuwa kwenye daftari la mtu. Korongoni mwa St. Francis na chini yake waliishi vibarua wengi wa Kimeksiko, na hesabu imekuwa ikipanda kadiri watafiti walivyoendelea. Katika moto wa Triangle, majina ya watu sita wa mwisho yalipatikana mwaka 2011, miaka 100 kamili baada ya moto.

Chagua hesabu moja, eleza inatoka wapi, na katika aya fupi onyesha kwa nini nyingine zinatofautiana. Aya hiyo ina thamani kubwa: nani hakuhesabiwa ni sehemu ya historia ya mahali hapo, na pengine ndiyo sehemu ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuiandika.

Mwenye ardhi amekataa

Mmiliki binafsi akipeleka pingamizi rasmi, eneo haliandikishwi. Wamiliki wakiwa wengi, pingamizi la walio wengi ndilo linalozuia. Msimamizi bado anaweza kutamka kwamba eneo lina sifa za kuandikishwa, na tamko hilo lina maana pale mradi wa serikali kuu unapogusa ardhi hiyo.

Mara nyingi mwenye ardhi hukataa kwa sababu barua ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya kiserikali. Nenda kwake kabla barua hiyo haijatumwa. Mweleze kwamba kuandikishwa, peke yake, hakumzuii kuuza, kukarabati wala hata kubomoa kwa fedha zake, na hakumlazimishi kuwafungulia wageni. Masharti yakiwepo, hutoka kwenye sheria za mji au jimbo, na hizo msome mapema ili usimwahidi lisilokuwa kweli. Kama jina la familia yake limo katika historia ya maafa upande wa waliolaumiwa, mpe asome rasimu. Sikiliza. Usibadilishe ukweli, ila huenda ana barua na picha ambazo hakuna maktaba inazo.

Mnaogopa wakora wa mabaki

Kuna watu hubeba vipande vya ndege na mifupa kwa ajili ya kuuza. Sheria ya 1966 inaruhusu kuficha mahali penyewe panapoweza kudhuriwa. Weka alama ya kizuizi kwenye fomu, na hakikisha ramani, viwianishi na picha zenye vilele vinavyotambulika havimo katika nakala ya umma. Eneo la Grand Canyon halielekezwi kwa wageni. Pale ambapo mabaki ya binadamu yanaweza kuwepo, au ardhi ina uhusiano na makabila ya wenyeji wa asili, zungumzeni na jamaa na makabila kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa sehemu ya 7.

Kasoro ndogo zinazochelewesha

Picha za kale badala ya picha za sasa: za kale ni nyongeza tu. Picha zisizo na namba zinazolingana na ramani. Kipindi cha umuhimu kilichoandikwa kuanzia siku ya tukio hadi leo. Kwa eneo la maafa mara nyingi ni siku au mwaka mmoja, na ukikirefusha lazima useme kwa sababu gani. Vigezo vilivyotiwa alama mwanzoni lakini havikutetewa ndani.

Likirudi kutoka Washington, huja na maoni ya maandishi. Yasome na ofisi ya jimbo, jibu hoja moja baada ya nyingine, na litumeni tena. Kurudishwa kwa marekebisho si kukataliwa. Na ikiwa ni ofisi ya jimbo yenyewe inayokataa kulipeleka mbele, mtu yeyote, hata asiye mwanasheria, ana haki ya kukata rufaa moja kwa moja kwa Msimamizi wa Orodha. Ambatisha andiko lote, barua za ofisi ya jimbo, na maelezo mafupi ya kwa nini unaamini eneo limetimiza vigezo.